Stara na Kimya

Kondakta wa basi la safari ndefu hasemi, "Anayetaka kwenda haja ashuke." Husema, "Tunachimba dawa, dakika tano." Abiria wote huelewa, watoto huelewa, hata mgeni akikaa nchini majuma mawili huelewa, wanaume hushika upande huu wa barabara na wanawake upande ule. Hakuna dawa inayochimbwa. Hata hivyo neno hilo limefanya kazi mbili kwa mara moja: limelifunika jambo, na papo hapo limelitangaza kwa sauti kubwa mbele ya watu sitini. Nimelitafakari neno hili mara nyingi kuliko watu wengi, kwa sababu nitakayoieleza, na naona ndani yake mna hekima ambayo sisi wenyewe tuliotunga neno hilo huiacha barabarani tunapofika kwenye maradhi.

Swali langu ni hili: mtu anayeugua mahali pasipotajwa, ana wajibu gani wa kusema, na ana haki gani ya kunyamaza? Nitalitazama kwa kupitia mambo mawili yanayoweza kumkuta mwanamke mmoja kwa wakati mmoja. La kwanza si ugonjwa. Ni ile miaka ya kuelekea kukoma hedhi. La pili ni ugonjwa wa utumbo mpana, ule wa kuja na kurudi, ambao mtu huishi nao kama mpangaji asiyelipa kodi na asiyehama. Nayajua yote mawili kwa kuwa ninayo. Utumbo ulianza kunisumbua nilipokuwa na umri wa miaka 31, na hedhi ilianza kupotea njia nilipotimiza miaka 46. Kwetu ni Ngara, na nimefundisha shule Biharamulo kwa muda mrefu, kwa hiyo mifano yangu itatoka huko.

Kwanza nieleze mwili wenyewe, maana fikra juu ya jambo usilolijua ni upepo tu.

Hedhi haikomi siku moja kama mshumaa unaozimwa. Hukoma kama masika yanavyokwisha huku kwetu: mvua inanyesha, inakata majuma sita, inarudi siku tisa mfululizo mpaka migomba inaanguka, kisha jua tena. Wataalamu husema mwanamke amekoma hedhi pale tu anapotimiza miezi 12 bila kuiona, na wengi hufikia hapo kati ya miaka 45 na 55. Lakini kabla ya hapo ipo miaka kadhaa, aghalabu minne hivi na kwa wengine zaidi, ambamo homoni za uzazi, estrojeni na projesteroni, hupanda na kushuka bila utaratibu. Ndiyo miaka ya joto la ghafla linaloanzia kifuani na kupanda shingoni hadi usoni, ya moyo kwenda mbio bila kukimbizwa, ya jina la mwanafunzi kukwama mdomoni, na ya usingizi kukatika saa nane za usiku. Ngara ni nchi ya vilima, na usiku wa Juni na Julai una baridi ya kweli. Mwenzako amejikunja ndani ya mablanketi mawili. Wewe umeketi ukingoni mwa kitanda, kanga imelowa, unatafuta dirisha.

Sasa, utumbo nao una masikio ya kuzisikia homoni hizo. Wanawake wengi wenye afya njema kabisa wanajua kwamba siku za hedhi choo hulainika, na siku za kabla yake tumbo hujaa na choo huwa kigumu. Mwenye utumbo mgonjwa huliona hilo mara tatu. Ugonjwa wangu ni ule ambao utumbo ukichunguzwa hauonyeshi kidonda, ila kazi yake imevurugika: maumivu, gesi, kuharisha juma moja, kufunga choo juma la pili. (Upo mwingine wenye vidonda na damu, ulio mkali zaidi na wenye dawa zake, na haifai kuichanganya.) Kabla ya kuambiwa jina lake nilipimwa amiba, minyoo na kichocho cha matumbo, kama inavyopasa katika nchi hizi zinazolizunguka Ziwa Viktoria. Kwa miaka mingi niliweza kuusoma utumbo wangu kwa mwezi: nilijua siku zipi nisisafiri, siku zipi nile viazi vitamu na zipi nisivile. Hiyo ndiyo iliyokuwa kalenda yangu. Kisha hedhi ikaanza kuja inavyotaka, na kalenda ikachanika. Watu hudhani shida ya kuwa na maradhi mawili ni kujumlisha maumivu. Kwangu shida kubwa ilikuwa kupoteza uwezo wa kubashiri.

Jambo jingine ni lugha. Kiswahili ni tajiri, lakini hapa kimetupa neno moja tu la kubebea kila kitu: tumbo. Tumbo ni la kushiba, tumbo ni la mimba, tumbo ni la hedhi, tumbo ni la kuendesha. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ni wa tumbo moja. Mwanamke akiketi mbele ya tabibu kijana anayeweza kuwa mwanawe, akaulizwa, "Mama, tatizo nini?" naye akajibu, "Tumbo, mwanangu," amesema yote na hajasema lolote. Ataandikiwa dawa ya minyoo au metronidazoli, atashukuru, ataondoka. Miezi mitatu baadaye atarudi na neno lilelile. Simlaumu tabibu, hakupewa kitu cha kufanyia kazi. Wala simlaumu mama. Tangu utotoni amefunzwa kwamba chini ya kitovu hakuna majina, kuna "huko".

Nije sasa kwenye sehemu inayonifanya niandike.

Mkoa wa Kagera una kumbukumbu ambayo mikoa mingine haina kwa kiasi hicho. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi waliotambuliwa nchini Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa Kagera. Kabla jina la kitabibu halijafika vijijini, watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa cha biashara kilichopita mpakani. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani, katika mkutano wa Bangui, liliweka vigezo vya kuutambua ugonjwa huo mahali pasipo na maabara, na vilivyo vikuu vilikuwa vitatu: kupungua uzito kwa zaidi ya asilimia 10, kuharisha kwa zaidi ya mwezi, na homa ya zaidi ya mwezi. Vilikuwa vigezo vya waganga, lakini wanakijiji hawakuhitaji kuvisoma. Walikuwa wamekwisha kuviona kwa macho yao, kitandani kwa ndugu zao, nyumba baada ya nyumba.

Hebu fikiri, ndugu msomaji, mwanamke wa Kagera anayeharisha kwa vipindi, aliyepungua kwa sababu anaogopa kula, na anayeanika kanga na shuka kila asubuhi kwa sababu usiku amelowa jasho. Yeye amenyamaza kwa heshima, kama alivyofunzwa. Lakini kimya chake si karatasi tupu. Majirani wana kalamu, na Kagera waliwahi kufundishwa jambo moja tu la kuandika juu ya karatasi ya namna hiyo. "Mama, mbona umepungua?" "Ni kazi tu, mama." Anayeuliza anaitikia kwa kichwa. Amekwisha kuandika.

Mimi nilipima. Nasema hivyo kwa kuwa kila mtu anapaswa kupima, na kwa kuwa mwenye kuharisha kusikokwisha ana sababu zaidi ya kupima. Sikukutwa nao. Na hapo ndipo swali la maadili lilipoanza hasa, maana sasa nilikuwa na jibu mfukoni, jibu la kweli kabisa: "Sina huo mnaoufikiria. Nina ugonjwa wa utumbo, na hedhi yangu inakatika." Kwa nini nisilitoe? Kumdanganya mtu ni kosa, kumwambia ukweli si kosa.

Hata hivyo kila nilipotaka kulitoa, nililiona lina doa. Mtaa uleule wanakaa watu wanaokwenda kliniki kila mara kuchukua dawa zao, ambazo tangu mwaka 2004 Serikali ilianza kuzitoa bila malipo. Wengine ni wazazi wa watoto ninaowafundisha. Nikisimama kisimani nikasema "sina huo," nimesema maneno mawili juu yangu na maneno mia juu yao. Nimekiri kwamba upo ugonjwa wa heshima na upo ugonjwa wa aibu, na kwamba mimi nimo katika ule wa kwanza. Ningekuwa nimejisafisha kwa maji ninayommwagia mwenzangu. Ukweli wa namna hiyo ni ukweli kwa maneno yake, lakini una kazi chafu unayoifanya. Mpaka leo nashikilia kwamba maneno yaleyale, "nina ugonjwa wa utumbo," yanaweza kuwa mema au maovu kwa kutegemea kilichotangulia: yakitanguliwa na haja yangu ya msaada, ni mema, yakitanguliwa na haja ya kuonekana tofauti na wengine, afadhali kukaa kimya na kuandikwa vibaya.

Wapo watakaosema kwamba basi kimya ndicho jibu. Mwanamke wa staha havai ugonjwa wake shingoni kama shanga. Akiamkiwa "Hujambo?" ajibu "Sijambo," hata kama ana mambo kumi. Katika hilo la salamu nakubaliana nao. "Sijambo" si taarifa ya hospitali. Ni njia ya kumwambia mwenzako kwamba umemwona na kwamba bado mnakaa pamoja. Anayeitikia hivyo huku anaumwa hajasema uongo. Lakini salamu zina mwisho, na baada ya salamu huja habari. Ndipo wengi wetu tunapoendelea kusema "sijambo" mpaka mlangoni pa chumba cha daktari.

Tunaitetea tabia hiyo kwa jina la stara. Naomba tulitazame neno hilo kwa makini. Limetokana na kusitiri, na kitenzi hicho kinapenda kuwa na mtu wa kutendewa: mtu humsitiri mwenzake, Mungu humsitiri mja wake. Tunapoomba tunasema "nisitiri". Hatusemi "najisitiri" kana kwamba kazi imekwisha. Stara ya kweli, kama nilivyokuja kuielewa, ni jambo la watu wawili. Kimya ni cha mtu mmoja. Aliyenyamaza kabisa, asijue mtu yeyote, hajasitiriwa. Ameachwa peke yake na jambo lake, na likifichuka halina wa kulifunika.

Mwezi Aprili 1994 nilikuwa msichana wa miaka 20. Kwa muda wa saa 24 hivi, kuanzia tarehe 28, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara, wakatua Benaco na vilima vya jirani. Vitabu vimeandika mengi juu ya siku hizo, juu ya vita na siasa na mahema ya bluu. Mimi nakumbuka vyoo, kwa sababu havikuwapo. Kilima kizima cha watu, na mashimo bado hayajachimbwa. Nikaona wanawake wakienda wawiliwawili, na mara nyingine watatu: mmoja anachuchumaa, mwenzake amesimama ameshika kitenge kwa mikono miwili, uso ameugeuzia kando. Kisha wanabadilishana. Pengine jana yake walikuwa hawajuani. Sikulielewa nililoliona mpaka miaka mingi baadaye, nilipokuwa mimi ninayehitaji kitenge.

Hiyo ilikuwa mwaka 2006, katika basi. Wenyeji watakumbuka kwamba kwa miaka mingi mapori ya Biharamulo yalikuwa na majambazi wa bunduki, na magari yalipita kwa msafara yakisindikizwa na polisi. (Mapori hayo ya akiba, Biharamulo, Burigi na Kimisi, ndiyo yaliyofanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019, leo watu wanakwenda kutazama twiga.) Msafara ukianza, gari halisimami. Hakuna kuchimba dawa. Kwa mwenye utumbo wangu safari hiyo ilikuwa mtihani kuliko majambazi. Nilikuwa nikiacha kula tangu mchana wa siku ya kutangulia na kunywa maji ya kulowesha ulimi tu, jambo ambalo leo nalijua kuwa halimsaidii mtu, kwa kuwa utumbo mtupu wenye hofu nao huunguruma vilevile. Siku hiyo tulikuwa Benaco tukisubiri msafara, na dereva amekwisha kuwasha gari, tumbo likanikamata. Jasho likanitoka. Pembeni yangu alikaa mama mtu mzima, sijui jina lake hata leo. Nikamnong'oneza, "Shikamoo, mama. Tumbo langu si zuri, na gari linaondoka." Aliniitikia marahaba, akanitazama mara moja, akasimama katikati ya basi, akapaza sauti: "Konda! Usiondoe gari, mimi nachimba dawa!" Kondakta akafoka, abiria wakaguna, mmoja akasema wazee wakae nyumbani. Yote hayo yalimwangukia yeye. Akaniambia, "Nisindikize, mwanangu, miguu inaniuma," akashuka nami nyuma yake. Miguu haikuwa inamwuma.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya upendo wa jirani. Sikumbuki lililoeleza jambo hilo vizuri kama mama yule. Na tazama kilichohitajika kwangu ili lipate kutendeka: sentensi moja, kwa mtu mmoja, kwa sauti ya chini.

Basi kipimo ninachokitumia sasa ni hiki. Sijiulizi nani ana haki ya kujua, kwa sababu kwa swali hilo kila mdaku hujipa haki. Najiuliza nani atabeba mzigo nisiposema. Mwalimu mkuu wangu, kijana wa miaka thelathini na kitu, hana sababu ya kujua habari za hedhi yangu. Lakini nikitoka darasani ghafla, wanafunzi hamsini watabaki bila mwalimu na lawama itamfikia yeye. Kwa hiyo nilimwambia: "Mwalimu mkuu, nina ugonjwa wa utumbo wa muda mrefu. Itatokea nitoke darasani bila kuaga. Mwalimu wa darasa la jirani ataniangalizia." Alisema, "Sawa, mama, hamna shida," akayahamishia macho kwenye ratiba ukutani. Sikuongeza neno.

Mwenzangu wa darasa la jirani yeye anajua yote, kwa kuwa ndiye anayeubeba mzigo wenyewe. Mume naye anajua, na hapa nasema na wake wenzangu: mwanamume asiyeambiwa ataandika na yeye. Mke halali, mke anahamia kitanda cha watoto, mke anakwepa tendo la ndoa kwa sababu linamwuma, na hasemi kwamba linamwuma. Unadhani ataandika "homoni"? Ataandika jina la mwanamume mwingine.

Watoto nao hubeba, hasa hasira. Sina nafasi ya kulimaliza suala la hasira za miaka hii, nalo lingetosha insha nzima. Niseme tu kwamba homoni ni sababu lakini si wakili. Zinaeleza kwa nini mkono umenyanyuka. Haziwezi kuutetea ukishuka. Mtoto anayejua kwamba mama hajalala siku nne hatadhani kwamba ni yeye aliyeharibika.

Lipo kundi jingine linalobeba mzigo wa kimya chetu bila kujua, nalo ni mabinti. Katika nchi zetu hizi, shangazi alikuwa na kazi maalumu. Ndiye aliyemweka msichana kando na kumweleza mwili na ndoa. Shule na redio zimechukua sehemu ya kazi hiyo, nayo inaendelea. Lakini aliyemfundisha msichana namna hedhi inavyoanza hakumwambia inavyokwisha. Mwanzo una mwalimu, mwisho hauna. Ndiyo maana nimewasikia wanawake wa miaka 48, watu wenye akili timamu na vyeti vyao, wakitafuta ni nani aliyewaroga: mwili unaungua usiku, damu inatoka siku kumi, moyo unaruka, na hospitali inasema malaria haionekani. Mganga wa kienyeji hupata fedha yake hapo, fedha ambayo mama mtu angeiokoa kwa sentensi tatu alizonyamaza nazo.

Wazee watanijibu kwa methali: mvumilivu hula mbivu. Naiheshimu methali hiyo. Lakini inamhusu anayengoja tunda liive. Mwanamke anayetoka damu nyingi kila baada ya majuma mawili, analoweka vitambaa usiku ili watoto wasione, anangoja nini kiive? Ipo methali nyingine ya wazee haohao: mficha maradhi, kifo humuumbua. Uvumilivu unaofaa ni wa lile ambalo limekwisha kuelezwa, likachunguzwa, na kilichobaki ni kuishi nalo. Huo nao una kazi yake, na ni mkubwa, kwa sababu maradhi yangu hayaponi kwa kwenda hospitali mara moja. Uvumilivu wa kabla ya kuchunguzwa una jina jingine, na mara nyingi jina hilo ni woga.

Tena magonjwa mawili yakikaa katika mwili mmoja, kusema nusu ni hatari kama kutosema. Mwanamke ambaye hedhi nzito imemwishia damu hupewa vidonge vya madini ya chuma. Ni dawa nzuri. Lakini hufunga choo kwa wengi, kwa wengine huchafua tumbo, na hufanya choo kuwa cheusi. Kama hukumwambia mganga habari ya utumbo, utaacha dawa siku ya nne ukidhani unakufa, na upungufu wa damu utaendelea. Na kinyume chake: aliyezoea kuharisha kwa miaka 15 huweza kudharau damu kwenye choo, kupungua uzito bila kupunguza chakula, au kuamshwa usiku na haja, akasema "ni utumbo wangu uleule." Sivyo. Hizo ni dalili za kwenda kuonana na daktari upesi, na katika umri wetu hasa. Vivyo hivyo damu inayorudi baada ya hedhi kutoonekana mwaka mzima: si hedhi iliyosahau njia, ni jambo la kuchunguzwa. Hospitali tunazo, Murgwanza na Rulenge upande wa Ngara, ya Biharamulo mjini, na wakikuandikia Bugando, nenda Bugando. Yapo pia matibabu ya homoni kwa wanaozidiwa na joto la usiku; hayamfai kila mtu, na ni la kuzungumza na daktari ana kwa ana, si la kuazimana vidonge.

Yaliyobaki ni ya jikoni na chumbani. Nguo za pamba, kanga mbili kando ya kitanda ili ya pili iwe kavu. Maji ya chumvi na sukari siku za kuharisha. Daftari dogo la kuandika chakula na choo, ambalo lilinifundisha kwamba maziwa mabichi ndiyo adui yangu mkubwa kuliko pilipili niliyoilaumu miaka yote.

Lakini tatizo la kwetu ni maharage. Kumwambia mtu wa Ngara aache maharage ni sawa na kumwambia ahame. Ndizi na maharage ndicho chakula. Msibani ni maharage, shuleni ni maharage, mgeni akija ghafla ni maharage. Nikiyaacha sufuriani mbele ya wenye nyumba, nimewatukana. Nikiyala, usiku wangu umekwisha.

Mwaka juzi jirani yangu mmoja, mama mkubwa kwangu kwa miaka kumi, aliniona msibani nikizungusha kijiko. Akaniuliza lile swali la siku zote, kwamba nimepungua, kulikoni. Sikumwambia kwamba ni kazi. Nilimwambia, "Mama, nina utumbo unaosumbua, na sasa hedhi nayo inanikatika. Silali. Nikienda hospitali juma lijalo, nitaomba unisindikize." Alikaa kimya kitambo. Kisha akasogeza kigoda karibu na changu, akalichukua bakuli langu, akamimina maharage yangu kwenye lake bila mtu kuona, akaniachia ndizi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye ilimchukua miaka sita, na kwamba alidhani ni mke mwenzake anamroga. "Na hayo maharage," akaongeza, "yaloweke tangu jioni, umwage yale maji, uyachemshe kwa maji mapya. Umwage na povu lake."